Dhima ya Mwenye Kuuliza

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu maadili ya utafiti katika elimu ya nafsi, tulitaraji mabishano. Tulicholetewa, aghalabu, ni fomu ya ridhaa. Karibu kila aliyetuandikia amesimama penye saini: nani aitie, mbele ya shahidi yupi, na je, dole gumba la asiyejua kusoma latosha? Ni maswali ya haki, wala sikusudii kuyadunisha, maana twajua sote yaliyotendwa Tuskegee tangu 1932 hata 1972, ambako mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila ya tiba wala kuelezwa maradhi yao. Lakini subira yangu imepungua kwa kuona namna waandishi wetu, wakishaivuka saini ile, wanavyoipita hojaji yenyewe kana kwamba haina hatia wala dhima. Kamati zetu za maadili nazo zina ada hiyo hiyo: fomu husomwa neno kwa neno, hojaji hufunuliwa kurasa ili ijulikane kwamba ipo.

Chukueni majaribio ya utii ya Stanley Milgram pale Yale, ambayo makala tatu katika toleo hili zimeyarejea. Zote zamtaja Diana Baumrind, aliyemlaumu mwaka 1964 kwa kuzidhili nafsi za watu waliomwamini. Na mbili zaongeza jibu la Milgram, kwamba alipowapelekea washiriki wake hojaji baadaye, takriban asilimia 84 walisema wamefurahi kushiriki, na waliojuta hawakufika hata asilimia 2. Hapo kalamu zimewekwa chini. Hakuna aliyeuliza hojaji hiyo ilitoka kwa nani, na ilifika ikiandamana na nini. Ilitoka kwa mshitakiwa mwenyewe. Iliandamana na taarifa yake iliyoeleza utaratibu na matokeo ya jaribio, na kuitaja sehemu ya washiriki kwa heshima. Na aliyeipokea ni mtu aliyekwisha kutambua, kwa aibu au kwa mshangao, jinsi alivyotii. Mtu huyo, akitakiwa aseme kama amefurahi au amejuta, yamkini atalishika lile linaloyapa maana machungu yake. Sisemi kwamba walisema uongo. Nasema kwamba swali lile halikuwa na uwezo wa kupambanua baina ya furaha na kujiliwaza, na kwamba ni ajabu kuu kuona shauri mashuhuri kuliko yote ya maadili katika fani yetu likitetewa kwa hojaji, ilhali wanamaadili wetu hawajishughulishi kuikagua.

Asiyesadiki kwamba mpangilio wa maswali waweza kumsemea mtu, na airejee Marekani ya 1948, katika kazi ya Hyman na Sheatsley. Wamarekani walioulizwa kwanza kama waandishi wa habari wa Kikomunisti waruhusiwe kuingia nchini mwao na kupeleka kwao habari kama wazionavyo, asilimia 36 waliafiki. Wenzao walioulizwa swali lilo hilo baada ya kutakiwa rai yao juu ya waandishi wa Kimarekani kuingia katika nchi za Kikomunisti, waliafiki asilimia 73. Basi mtafiti aliyeamua lipi litangulie na lipi lifuate ameamua, ajue asijue, jibu litakaloandikwa kwa niaba ya mtu aliyetoa ridhaa kwa nia njema. Ridhaa ya kuulizwa si ridhaa ya kusemewa, na anayemsemea mwenzake jambo asilolinuia amemdhulumu, hata kama saini iko mahali pake.

Mwaka 1963 Emily Jones aliandika juu ya majibu ya adabu katika uchunguzi wa Asia ya Kusini-Mashariki, yaani yale ambayo mhojiwa humpa mgeni ili amridhishe. Nasi tuliolelewa kutomvunja mgeni uso hatuhitaji kufasiriwa. Mzazi mpya akiulizwa kama anaionea furaha hali yake, na mama mkwe ameketi ubavuni, kilichopimwa ni staha, nacho kitachapishwa kwa jina la afya ya akili.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya udanganyifu katika maabara imeandikwa kwa ufasaha. Ile inayohusu jaribio la Facebook la 2012, ambamo watu 689,003 walipangiwa habari za kuwafurahisha au kuwahuzunisha pasi na kujua, ina bidii nyingi, ila mwandishi ana imani kubwa zaidi na kanuni mpya kuliko niliyo nayo.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote itokanayo na hojaji haitapelekwa kwa wahakiki wetu isipoambatishwa hojaji kamili, kwa mpangilio ulioulizwa, pamoja na maelezo ya nani aliuliza, wapi, na nani mwingine alikuwapo akisikiliza. Na hojaji hiyo itachapishwa. Baadhi ya wajumbe wa bodi wameniambia kwamba kurasa hazitatosha. Zitapatikana: tutaanza kwa kupunguza zile za shukurani kwa wafadhili.