Mwandishi na Kungoja Nafasi

Imekuwa desturi kwa wanafunzi wengi wa Kiswahili kudai kwamba wataandika diwani zao pindi wapatapo nafasi: baada ya mitihani, baada ya tasnifu, baada ya kuajiriwa. Abdilatif Abdalla hakuipata nafasi hiyo. Waraka wake wa mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?*, ulimtia gerezani miaka mitatu, na humo akaziandika kwa siri, kwenye karatasi za msalani, tungo zilizochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Si kwamba jela ni chuo cha ushairi. Wapo wahakiki wanaoitukuza kupita kiasi. Abdilatif aliingia humo akiwa na la kusema, na akiwa amelelewa katika ukoo wa malenga, nduguye akiwa Ahmad Nassir wa *Malenga wa Mvita*. Aliyezoea vina na mizani tangu utotoni huweza kulitunga shairi akilini kabla ya kugusa kalamu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: twasubiri hamasa ilhali hatujahifadhi hata utenzi mmoja. Anayetaka kuandika na ahifadhi beti chache usiku huu, kisha atunge wake mmoja, hata ukiwa mbovu, na kesho aurekebishe kabla ya kuanza wa pili.