Winchi ya bei kali haitakuokoa, wacheni kututisha

Kuna uongo mmoja wanauziwa vijana wa magari ya 4x4 hapa Nairobi na umenichosha. Ati kama winchi yako si ya jina kubwa, wewe si mtu wa pori, wewe ni mtalii tu umejipata na gari refu. Msee amenunua Jimny ya mtumba, deni ya sacco bado inamnyonya kila mwezi, halafu anaambiwa na wazee wa Land Cruiser kwamba asipofunga winchi ya Marekani kwa bampa, asitoke nao. Na anatii! Anaenda kukopa tena.

Mimi msimamo wangu ni huu, na mnaweza kukasirika mkitaka: kama wewe ni mtu wa mshahara wa kawaida na unaenda msituni mara nne tano kwa mwaka, nunua winchi ya bei nafuu. Ile ya jina itakugharimu mara tatu, hata nne ya hiyo. Tofauti yote usiirudishe mfukoni. Iweke kwa vitu vinavyokaa kati ya winchi na mti. Hapo ndipo watu huumia, na hapo ndipo hakuna mtu huangalia, kwa sababu hakuna stika ya kupigia picha.

Kwa wale hawajawahi kukwama: winchi ni mota ya umeme mbele ya gari, ina giaboksi na ngoma iliyozungushiwa waya au kamba. Ukizama kwa tope unavuta ile kamba, unaifunga kwa mti imara au kwa gari lingine, unabonyeza rimoti, gari linajivuta lenyewe. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Sasa angalieni ile nambari imeandikwa juu yake. 9,500. 12,000. Hizo ni ratili, kwa hiyo 9,500 ni kama kilo 4,300. Watu hubishana kuhusu hizo nambari kama wanabishana kuhusu ligi. Lakini hiyo nguvu hupimwa kamba ikiwa imetolewa karibu yote, imebaki ile safu ya kwanza kwa ngoma. Kila safu inayorudi juu ya nyingine inanenepesha ngoma, na ngoma ikinenepa nguvu inashuka. Ukifika safu ya nne umebaki na kama thuluthi mbili ya kile ulichoahidiwa, wakati mwingine chini ya hapo. Na wewe unakwama wapi? Mara nyingi mti uko mita sita mbele yako. Kamba yote bado iko kwa ngoma. Kwa hiyo ile 12,000 uliyojinyima nyama ya mwaka mzima kuinunua, siku hiyo inafanya kazi kama ya 8,000. Ya Marekani, ya China, zote. Kanuni ni moja.

Dawa yake ipo na haina bei ya kutisha. Inaitwa kapi. Lile gurudumu la chuma lenye mashavu mawili, mvuvi yeyote wa Pwani analijua. Unalifunga kwa mti, unapitisha kamba, unarudisha ndoano kwa gari lako mwenyewe. Nguvu ya kuvuta inakaribia mara mbili. Mwendo unapungua nusu, sawa, lakini wewe uko kwa tope, unakimbilia wapi? Na kwa sababu umetoa kamba nyingi, ngoma imekonda, na ile nguvu ya safu za chini unaipata. Winchi ya bei nafuu ya 9,500 ikiwa na kapi itaishinda winchi ya heshima ya 12,000 inayovuta moja kwa moja. Hii si maoni yangu, ni hesabu ya kidato cha pili. Kumbuka tu kwamba ule mti sasa unabeba mzigo mara mbili, kwa hiyo mkanda wa kuuzungushia uwe mpana na wa maana. Msifunge mnyororo kwa mgunga wa watu mkaukata ganda mzima.

Tukiwa kwa hesabu, chukua uzito wa gari likiwa limejaa, zidisha kwa moja na nusu. Hiyo ndiyo winchi unayohitaji kwa uchache. Jimny mpya ikijazwa mpaka mwisho ni kilo 1,435. Moja na nusu yake haifiki hata kilo 2,200. Ile 9,500 "ndogo" wanayoicheka tayari ni mara mbili ya hiyo! Halafu mtu anashauriwa aweke 12,000 yenye waya wa chuma, karibu kilo 40 zimening'inia kwa pua ya gari dogo, springi za mbele zimelala, na anashangaa kwa nini gari linachota mchanga.

Halafu umeme. Winchi ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula ampea 400. Altaneta ya gari dogo haifiki 100. Zingine zote zinatoka kwa betri, na betri yako ni ile ulikuta nayo gari mwaka juzi, ile inakuamsha saa kumi na moja asubuhi kuomba jirani akustue. Winchi ya bei kali juu ya betri iliyochoka ni pambo, kama kengele kwa punda. Weka betri nzuri, acha injini ikinguruma, vuta kidogo, pumzisha, vuta tena. Fundi yeyote wa starter pale Grogan atakwambia hivyo bila malipo, akiwa na muda.

Najua mtasema: rahisi ni ghali, wahenga walisema. Sawa, na kuna mahali wako sahihi. Winchi ya bei ina mipira bora ya kuzuia maji, gia zilizokatwa vizuri, breki ya kuaminika, inavuta haraka, na ikiharibika kuna mtu wa kuulizwa. Kama wewe ni dereva wa watalii Mara na msimu wa masika kazi yako yote iko kwa ule udongo mweusi, nunua ya bei, ni jembe lako. Kama unavuka Chalbi gari moja bila mwenzako, nunua ya bei. Wale wa Rhino Charge pia, hao wana saa 10 kupita vituo 13 kwa njia fupi kuliko zote, wanapanda maporomoko kwa winchi tena na tena mpaka mota inatoa moshi. Tangu 1989 wanafanya hiyo kitu kuchangia uhifadhi wa misitu, nawaheshimu. Lakini wewe unaenda Magadi Jumapili na makuku na kreti ya soda. Tafadhali.

Na winchi nafuu inaweza kusaidiwa. Kabla hujaifunga kwa gari, mpelekee fundi aifungue, aongeze grisi, azibe viungo vya mota kwa silikoni. Nunua relei na rimoti ya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu hivyo ndivyo hufa kwanza. Kisha iwashe kila mwezi hata kama hujakwama. Nyingi haziuawi na kazi, zinakufa kwa kukaa bure zikishika kutu. Yangu ni ya Kichina, jina lake hata sijui kulitamka, na inafanya kazi.

Sasa kile kilinifanya niandike hii. Mwaka huu nilikuwa kwa msafara mmoja upande wa Kajiado, mvua zikiisha. Gari la kiongozi lilizama mpaka milango. Winchi yake ni ya kuota, jina kubwa, waya wa chuma bado unang'aa. Akazungusha mnyororo kwa mgunga, akaweka ndoano, akaanza kuvuta. Watoto wa boma la karibu walikuwa wamekuja, kama kawaida, si mnajua gari la mjini likikwama ni sinema ya bure. Nilihesabu tisa. Wawili walikuwa wanaruka ule waya kwenda na kurudi, mchezo wa kamba. Msee mmoja wetu alikuwa amesimama akiwa ameutanua miguu, waya uko katikati yake, anachukua video. Juu ya waya hakukuwa na kitu chochote. Hata koti.

Nilipiga kelele wasimamishe. Nikawarudisha wale watoto nyuma, mama mmoja akanisaidia kwa Kimaa kwa sababu mimi walikuwa wananicheka tu. Kiongozi akaniambia, kwa upole hata, "Kijana, tulia, hii ni original. Haikatiki."

Haikukatika. Gari lilitoka, watu wakapiga makofi.

Lakini sikilizeni, waya wa chuma ukivutwa unajinyoosha na kuhifadhi nguvu kama manati. Ukikatika, au ule mnyororo ukikatika, au ndoano ikichomoka, hiyo nguvu yote inaruka kurudi na chuma kwa ncha. Haiulizi ilinunuliwa wapi. Mguu unaenda, au kichwa. Na hao watoto hawakusaini fomu ya msafara wetu, hawana kofia ngumu, na kutoka pale hadi hospitali ya maana ni mwendo wa saa nyingi, barabara ndiyo hiyo imetuzamisha. Tuliwapa soda tukaenda.

Ndiyo maana nikisikia ubishi wa bei nafuu na bei kali nasikia watu wakibishana kuhusu rangi ya jeneza. Winchi yenyewe ikiharibika, gari linabaki kwa tope na nyinyi mnalala njaa. Kile kilicho mbele ya winchi kikiharibika, mtu anakufa. Basi pesa ianzie huko.

Toa waya wa chuma, weka kamba ya sintetiki. Ni nyepesi, waya unaweza kufika kilo 10 na kamba haifiki nusu ya hapo, na ikikatika haihifadhi nguvu kama chuma, inaanguka karibu na ilipokuwa. Hatari bado ipo, hasa kama ina chuma kizito kwa ncha, ila ni hatari nyingine kabisa. Ukibadilisha, badilisha pia ule mdomo wa mbele inamopitia, weka wa alumini laini, kwa sababu roli zilizokwaruzwa na waya zitaila. Kamba haipendi jua wala mchanga, ifunike na uioshe. Wala usishushe gari mteremkoni kwa winchi muda mrefu: nyingi zina breki ndani ya ngoma, inapata moto na kamba inaungua kimyakimya. Acha mizunguko minane hadi kumi kwa ngoma, usiimalize.

Kisha kapi, mkanda wa mti, glavu za ngozi, na blanketi zito la kulaza katikati ya kamba kila mara, hata ukiona uvivu. Kila mtu arudi nyuma mara moja na nusu ya urefu wa kamba iliyotoka. Asiyetii, rimoti inawekwa chini.

Na nyinyi viongozi wa misafara, kijana akija asubuhi na winchi ya bei nafuu, msimuulize jina lake. Mwambieni afungue buti. Kama hakuna kapi, mkanda, glavu na blanketi, arudi nyumbani, mtaonana safari ijayo. Na mfungue buti ya mwenye winchi ya laki tatu pia.