Kabla ya kumchora mtoto piko, fikiria nywele zake za ukubwani

Pakiti ya rangi nyeusi ya nywele ipo karibu kila duka la vipodozi, na bei yake haimtishi mtu. Baba huitumia kuficha mvi za kichwani na za ndevu, mama hujipaka jioni akimaliza kazi, na harusi au Idd ikikaribia, rangi hiyohiyo hukorogwa na kuchorwa maua mikononi mwa mabinti. Kichwani wengi huiita kanta. Mkononi huitwa piko. Kwa jinsi ilivyozoeleka, si rahisi kukumbuka kuwa ni kemikali.

Weusi wake mara nyingi hutokana na kemikali ambayo kwenye pakiti huandikwa p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD. Hushika haraka na haitoki kwa kuosha, ndiyo maana inapendwa. Lakini pia inajulikana sana kwa kusababisha mzio wa ngozi.

Mara ya kwanza hudanganya

Mtu anaweza kupaka mara ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, asihisi lolote. Siku moja mwili unaanza kuiona kemikali hiyo kama adui, na kuanzia hapo kila akipaka anadhurika. Kwa hiyo kusema "natumia miaka yote na sijawahi kupata shida" si kinga.

Dalili huweza kuchelewa siku moja hadi tatu: muwasho mkali kichwani, vipele au malengelenge masikioni na shingoni, na kope kuvimba hadi macho kushindwa kufunguka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, hivyo mzazi asiusubiri.

Mkono wa mtoto

Kichwani rangi hukaa kwa muda mfupi kisha huoshwa. Piko huachwa ikauke juu ya ngozi, na mara nyingi hakuna anayepima kiasi cha kemikali kilichomo. Mtoto anaweza kutoka malengelenge yanayofuata ua lilelile alilochorwa, na alama yake ikabaki kwa miezi.

Alama huweza kufutika. Mzio kwa kawaida hubaki. Binti aliyechorwa piko akiwa na miaka 7 anaweza kuja kupaka nywele rangi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20, akaamka amevimba uso na asijue chanzo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha PPD kuwa asilimia 2 katika rangi inayopakwa kichwani, na haziruhusu kuchorea ngozi. Pakiti za huko huonya kuwa rangi si ya walio chini ya miaka 16, na kwamba aliyewahi kuchorwa hina nyeusi yuko hatarini zaidi.

Ukiamua kupaka nyumbani

• Paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri saa 48. Pakiwasha, acha kabisa.
• Vaa glavu, fungua dirisha, na usizidishe muda ulioandikwa.
• Usipake kichwa chenye vidonda au kilichotoka kuwekwa dawa ya kulainisha nywele.
• Usipake kope wala nyusi. Rangi ikiingia machoni huweza kuleta upofu.
• Maneno "haina amonia" hayamaanishi haina PPD.

Ukianza kuwashwa, osha kwa maji mengi na shampuu laini, na usipake limau wala mafuta ya kienyeji juu yake. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja. Mtoto akimeza rangi hiyo, koo huweza kuvimba na figo zikashindwa kufanya kazi: usimtapishe, mkimbize hospitali na pakiti mkononi. Ndiyo maana mahali pake ni kabatini, juu, palipofungwa.

Mtoto akitaka kupambwa, ipo hina ya majani. Hutoa rangi ya chungwa inayokolea hadi hudhurungi, huchukua saa nyingi kushika, na yenyewe haiwi nyeusi tii. Inayotoa weusi kwa nusu saa imechanganywa na kitu. Muulize mchoraji ni kitu gani. Akikosa jibu, mchukue mwanao mrudi nyumbani.