Juma Yupi, Bahati Yupi?

Kwenye zahanati ya Tanga au Unguja, muuguzi akiita "Fatuma Juma!" wanaweza kuinuka akina mama watatu, na wote wana haki ya kuinuka. Pwani mtu hujitambulisha kwa jina lake, la baba na la babu, na kwa kuwa wajukuu hurithi majina ya wazee, akina Juma Hamisi Juma wamejaa mtaani. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Ndugu watatu wa kiume wakizaa wavulana, mabinamu watatu wana jina moja. Majirani hawapotei: yupo Juma Mrefu, yupo Juma fundi. Fomu ndiyo haina pa kuandika "Mrefu".

Jinsia nayo ina mkanganyiko wake. Bahati Bukuku, mwimbaji wa Injili wa Tanzania, ni mwanamke. Bahati wa Kenya, mwimbaji pia, ni mwanamume. Riziki, Furaha na Tumaini ni majina ya wanaume na wanawake pia, na kule Rwanda jina Uwimana vilevile. Karani akijaza Me au Ke kwa kukisia, msichana hupangiwa bweni la wavulana. Kisha ni yeye atakayetafuta wakili na kulipia kiapo cha kusahihisha kosa hilo, kana kwamba kosa ni la mzazi aliyemwita Riziki. Huo ni uonevu.

Wapo wanaoshauri wazazi wachague majina yasiyo na utata. Sikubaliani nao hata kidogo. Jina la babu ni amana. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA), yenye tarakimu 20, inasaidia, ila si kila mgonjwa anayo mkononi. Tarehe ya kuzaliwa? Wazee wengi waliandikiwa tu 1 Januari au 1 Julai. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linasisitiza mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili au zaidi. Kwetu ningeongeza jina kamili la mama, ambalo hata mzee asiyejua mwaka wake analikumbuka.

Na mgonjwa aulizwe, "Jina lako nani?" badala ya "Wewe ndiye Fatuma Juma?" Bibi mwenye homa, asiyesikia vizuri, ataitikia "Naam" kwa jina lolote, apewe dawa za mwenzake. Barua za ofisi ziandikwe "Ndugu" pale jinsia isipojulikana. Na kosa la karani lisahihishwe dirishani palepale, bure.