Shamba la minazi linamngoja

Mhariri,

Mwanangu yuko Calgary, Kanada, na kila Ijumaa jioni hunipigia simu hapa Mwera, Pangani. Zamani tukizungumza theluji. Siku hizi ni siasa. Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walitoka Tanzania, alikuwa meya wa mji ule tangu 2010 hadi 2021. Yasmin Ratansi, mzaliwa wa nchi hii hii yetu, aliingia bungeni Ottawa mwaka 2004. Nafurahi kweli.

Sasa mwanangu naye anataka uraia wa huko apate kupiga kura. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kama yeye kuwa na uraia pacha. Akiapa kule, huku anakuwa mgeni, na mgeni hana haki ya kumiliki ardhi sawa na raia. Marehemu babu yake alimwachia shamba la minazi. Wabunge wetu, nawasihi, litazameni jambo hili kabla hajaapa.

Mzazi, Mwera