Miembe ya Nyangwe ni ya nani?

Anayetoka Kasongo kwenda Nyangwe hana haja ya kuuliza sana njia. Kabla ya kuona mabati ya nyumba au maji ya Lualaba, ataona miembe: mikubwa, myeusi kwa mbali, vichwa vimeshikana. Ndivyo ilivyo pia Tongoni, pale mji wa zamani wa Kasongo ulipokuwa, na ndivyo ilivyo Kabambare. Kusini mwa Maniema, ukikuta miembe minene imejipanga mstari katikati ya majani, ujue watu waliishi hapo, au walipita hapo kwa wingi. Wazee wetu waliisoma nchi namna hiyo. Hata jina Tongoni linasema habari hiyo hiyo: mahali palipohamwa.

Tunaandika juu ya miti hii leo kwa sababu inapungua, na kila unapoanguka mmoja hakuna mkutano, hakuna karatasi, hakuna aliyeulizwa. Siku moja upo. Kesho yake kuna kisiki na watoto wanaokota matawi.

Sababu si siri. Kiangazi kikifika, watu wanafyatua matofali, na tanuru ya matofali inataka magogo manene yanayowaka usiku kucha. Msitu umesogea mbali. Anayekwenda kuleta kuni huko anapoteza siku nzima, anasukuma baiskeli kwenye mchanga, na njiani anakuta vizuizi vya watu wanaotaka chochote. Mwembe uko hapa, nyuma ya soko, nyuma ya shule, na haulindwi na mtu. Yanayobaki baada ya magogo yanageuzwa makala (ya kupikia, si haya unayosoma). Ubaya wenyewe ni kwamba msimu wa kuchoma matofali ndio msimu mwembe unapotoa maua. Anayeukata mwezi wa saba anakata pamoja na maembe ambayo watoto wangekula mvua ikirudi, wakati ghala la nyumba nyingi liko karibu tupu.

Mwandishi wa tahariri hii alipita kwenye avenyu moja ya Kasongo akakuta kisiki kipya, kipana kiasi cha watu wanne kukikalia bila kubanana. Na kweli walikuwa wamekikalia, akina mama wenye mabeseni ya mihogo, juani. Walikuwa wakiuza palepale kwa miaka, ila zamani walikaa kivulini. Hakuna aliyejua nani alitoa ruhusa. Mmoja alisema labda ni mwenye parseli, mwingine akasema labda ni mkubwa fulani, wa tatu akacheka tu. Mti ulioona vizazi vitano ulikuwa umeondoka kwa "labda".

Sasa tuzungumze juu ya asili yake, maana hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Mwembe si mti wa kwetu. Ulitoka India, ukaletwa pwani ya Afrika ya Mashariki, kisha ukafuata misafara ya pembe za ndovu na watumwa: Tabora, Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, Kabambare, Kasongo, mpaka ukingo wa Lualaba. Wafanyabiashara wa pwani walijenga Nyangwe karibu na mwaka 1860, na Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu. Pamoja na bunduki walileta mchele, Uislamu, mashamba ya matunda na lugha hii tunayoandikia. Majeshi ya Dhanis yalipoiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, alishangaa bustani za Kasongo. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 anataja machungwa, mapera, komamanga, mananasi, maembe. Vita vile viliacha nyumba zikiwa majivu. Komamanga hatuzioni tena. Mwembe ndio uliovumilia, kwa sababu haukuhitaji mtu wa kuumwagilia.

Si kila mwembe mnene ni wa wakati wa Tippu Tip, tuseme ukweli. Serikali ya Wabelgiji nayo ilipanda miti kando ya barabara ili askari na makarani wapate kivuli, na hata mwembe wa mwaka 1930 leo una shina la kutisha. Lakini mwembe unaweza kuishi zaidi ya miaka 100 na bado ukazaa, kwa hiyo anayesema kwamba miti yote ya zamani ilikwisha kufa naye anasema haraka mno.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko maembe. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, Nyangwe ilikuwa na watu kama 1500, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, chumvi, vyungu na kuku. Watu wa mfanyabiashara Dugumbi waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku, risasi zikafuata. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazibana, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. David Livingstone alikuwepo, akaandika alichokiona, na siku chache baadaye akageuka kurudi Ujiji akiwa amevunjika moyo. Maandishi yake yalisomwa Uingereza na kusaidia kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Majina ya wanawake wale hayakuandikwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini tuililie miti ya Watambatamba? Walioipanda, au walioamuru ipandwe, ndio waliowafunga babu zetu kamba shingoni. Iache ichomwe.

Tunaelewa hasira hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Kwanza, mkono uliochimba shimo na kufukia kokwa haukuwa mkono wa bwana. Ulikuwa wa mtumwa wa shambani, wa mpagazi, wa mwanamke aliyechukuliwa kijijini kwake akatiwa nyumbani kwa mwingine. Pengine hakukuwa na shimo lolote: mtu mwenye njaa alikula embe njiani, akatupa kokwa, akaendelea kubeba pembe. Ukiiondoa miti hii, humwondolei Tippu Tip kitu. Yeye ana kitabu cha maisha yake, ana nyumba yake Unguja, ana picha yake katika vitabu vya shule. Unayemfuta ni yule asiye na kitu kingine duniani kinachoonyesha kwamba alipita hapa. Pili, miaka zaidi ya 130 imepita tangu vita vile, na katika miaka hiyo miembe imekuwa yetu. Chini yake baraza la kijiji linaamua kesi za mashamba. Chini yake madarasa yamefundishwa wakati shule hazina paa, na waliokimbia vita wamelala chini yake usiku wa kwanza kabla hawajapata mwenyeji.

Karatasi nazo hazidumu kama tunavyodhani. Akiwa Nyangwe, Livingstone aliishiwa wino. Akatengeneza wino wa zingifuri, ile mbegu nyekundu inayojulikana hata leo, na kuandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa. Wino ukafifia mpaka habari za siku ile ya Julai zikawa karibu hazisomeki. Watafiti walihitaji kamera na taa za pekee ili kuzitoa upya, wakazichapisha mwaka 2011. Mwaka 2020 wanaakiolojia, wakiwamo Wakongomani, walichapisha utafiti wao wa Kasongo na Kabambare kuhusu mabaki ya enzi hiyo na jinsi wakaaji wanavyoikumbuka. Kazi kubwa, ya kupongezwa. Lakini mtoto wa Nyangwe hana njia ya kufika kwenye majarida hayo. Mwembe uko mbele ya mlango wao.

Wengine wamefanyaje? Stanley aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, akashuka na mto huu wetu mpaka Boma, alikofika tarehe 9 Agosti 1877. Boma ulijulikana mbuyu wenye pango ambao watu husema alilala ndani yake. Kwa vizazi wageni wamekwenda kuuona, wakaulipia, wakapiga picha, na kila Mkongomani aliyesoma amesikia habari zake. Safari ile ile moja: mwisho wake ulipata mti maarufu, mwanzo wake una magogo ya tanuru. Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mwembe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwishoni mwa 1871 ulikufa zamani, lakini watunzaji wake husema miembe miwili iliyopo leo kwenye ukumbusho ilitokana na vikonyo vya ule wa kwanza. Walikata vikonyo mti ungali hai. Na Nairobi, Novemba 2020, mkuyu mmoja ulisimama njiani mwa barabara mpya ya juu pale Waiyaki Way. Watu walipiga kelele, rais akatoa amri, mti ukabaki. Mti mmoja, katika mji wa mamilioni!

Huku kwetu tunaambiwa hakuna sheria. Si kweli. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 9, inasema kwamba miti iliyo kijijini au karibu yake ni mali ya kijiji kizima, na ile ya shambani ni ya mwenye shamba. Kijiji kinaweza kumwachia mtu mwingine, lakini ni kijiji kinachoachia, si mtu mmoja mwenye msumeno wala mkubwa mmoja mwenye muhuri. Tena tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, namba 71-016, ambayo inaruhusu mahali penye historia paorodheshwe na wizara. Soko la Nyangwe na miembe yake likikosa sifa ya kuorodheshwa, basi sijui nchini humu ni mahali gani penye sifa hiyo.

Hatutaki mtu ajifanye hajui shida iliyopo. Mwembe mzee unaoza ndani. Tawi likianguka usiku wa dhoruba juu ya nyumba ya mjane, historia haitamjengea paa. Miti ya namna hiyo ipunguzwe matawi, na uliokufa kabisa ukatwe, mbao zake zipewe shule zifanywe madawati. Na anayechoma matofali hachomi kwa uovu, anajenga. Aonyeshwe basi mahali pa kupanda mikaliptusi na misenasi yake, miti inayokua upesi, na sekta imwekee shamba la pamoja. Hiyo ni kazi ya sekta na ya usultani, ambazo tangu sheria ya Oktoba 2008 zina mamlaka na mfuko wao, hata kama mfuko wenyewe tunajua ulivyo mwepesi.

Tunachoomba kinaweza kuanza bila mfuko. Msimamizi wa wilaya ya Kasongo na mwenzake wa Kabambare watenge salongo ya Jumamosi moja tu, badala ya kufyeka majani yale yale ya kila wiki, kwa kuhesabu miembe. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo wakiwa na futi ya fundi cherehani, kopo la rangi nyeupe na daftari. Wapime unene wa shina kwenye kimo cha kifua, wauandike mti namba, waweke alama ya mahali kwa simu, kisha wamuulize mzee aliye karibu: nani alipanda, nini kilitokea hapa, nani alizikwa hapa. Mzee akisema hadithi tatu zinazopingana, ziandikwe zote tatu. Daftari moja libaki kwa chifu, la pili shuleni, la tatu Kindu. Kuanzia siku hiyo, mti wenye namba usikatwe mpaka baraza la kijiji likae na kutia sahihi, na mahali pake pawekwe mche uliopandikizwa kwa kikonyo cha mti ule ule.

Na ianzie Nyangwe, kwenye uwanja wa soko, karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga. Wagenya bado wanavuka hapo na samaki wao siku ya soko. Kiangazi kinakaribia, na mafundi wa matofali wameshaanza kutafuta magogo.