Tuandike Asili ya Maneno ya Mtaani

Muulize kijana yeyote wa Dar es Salaam neno "machinga" limetoka wapi. Wengi watakujibu bila kusita kwamba ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao, yakapindwa na ndimi za Waswahili. Jibu hilo ni tamu masikioni, ndiyo maana limeenea. Lakini Wamachinga wapo: ni kabila la watu wa Lindi, na vijana wa Lindi na Mtwara walikuwa wengi miongoni mwa waliokuja mjini kutembeza bidhaa mikononi. Mnunuzi gani wa Kariakoo au Manzese alikuwa akimwita mchuuzi kwa Kiingereza? Tunapoikubali hadithi ile tunawanyang'anya watu wa kusini jina lao, na pamoja nalo habari ya shida zilizowaondoa makwao, enzi ambazo mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko kwa kuwa Daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi mwaka 2003.

Sisemi kwamba Kiingereza hakijatuachia kitu. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916, na Nairobi nayo ina Kariokor yake kwa sababu ileile. Manamba wa mashamba ya mkonge waliitwa hivyo kwa kuwa kila kibarua wa mkataba alipewa namba. Basi kipimo si Kiingereza wala Kizaramo. Kipimo ni kuuliza: nani alilitamka neno hili kwanza, mahali gani, mwaka gani, na alikuwa akimwambia nani? Asili ya Kariakoo inajibu maswali hayo yote manne. Hadithi ya vijana watembeao haijibu hata moja.

Na tazama tunachokipata tukijua. Katika vita ile ya kwanza ya dunia wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu iliyozinduliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari. Kumbukumbu kubwa ya mpagazi ni jina la soko, linalotajwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanamtaja. Hata mtumba, kabla ya kuwa nguo kuukuu, ulikuwa mzigo uliofungwa ili mpagazi aubebe.

Wako waungwana wanaosema maneno ya mtaani yanaharibu Kiswahili, na kwamba mwalimu anayejiheshimu hayaruhusu darasani. Nawaheshimu, lakini hapa wamekosea. Kijana asiandike barua ya kuomba kazi kwa lugha ya kijiweni, hilo nakubali. Kulichunguza neno ni jambo jingine kabisa. Watu wasio na magazeti wala wasemaji wao waliandika historia kwa majina. Walipowaita wakubwa wapya wenye magari ya Mercedes-Benz "wabenzi," walikuwa wanatoa hukumu kuhusu uhuru na waliofaidika nao. Walipomwita Rais Ali Hassan Mwinyi "Mzee Ruksa," walikuwa wanaeleza kwa neno moja kulegezwa kwa masharti ya biashara kulikowarudishia bidhaa madukani baada ya miaka ya foleni. Na waliouita mji wao Bongo walikuwa wanaonya kwamba hapa pasipo akili huli. Mwalimu wa historia anayeyafukuza maneno haya darasani anafukuza ushahidi.

Chukua "daladala." Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi ya shirika la umma, UDA, hayakutosha, watu walijaa vituoni tangu alfajiri, na magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 yakaruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na makonda wakawa wanaita abiria kwa kulitaja hilo: dala, dala! Jirani zetu wa Nairobi walikuwa wametangulia. Matatu zilitokana na mapeni matatu, yaani senti thelathini, na Rais Kenyatta akaziruhusu mwaka 1973. Miji miwili, serikali mbili zenye siasa mbalimbali, na katika yote miwili abiria aliliita gari kwa bei aliyoimudu. Neno moja hapa linabeba nauli, upungufu wa mabasi na amri ya serikali.

Kwa hiyo nawasihi walimu: wapeni wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya mitaa yao, vituo vya basi na lakabu za watu maarufu, na kila jina liandikwe pamoja na aliyelieleza, umri wake na mahali alipolisikia. Zikitokea hadithi mbili zinazopingana, ziandikwe zote mbili; asifute mtu ile isiyompendeza. Nawasihi na waandishi wenzangu: tusichapishe asili ya neno kwa kuwa inachekesha. Tupekue magazeti ya zamani, tusikilize nyimbo za dansi za miaka hiyo, tusome maandishi ya kanga, kwa maana huko neno huonekana likiwa na tarehe yake au karibu nayo.

Tena tufanye haraka. Konda aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1983 leo amevuka sitini. Mtafuteni nyumbani kwake Buguruni au Temeke, mketi naye, mmuulize alikuwa akiita nini mlangoni mwa gari kabla ya ruhusa kutoka, askari wa barabarani walipokuwa wakimwinda, na kama abiria walisema "daladala" kabla yake au walilisikia neno hilo kwake.